Divai ya Afrika Kusini: soma chupa mbele ya kutoa feza

Bukavu, Goma, Butembo, Uvira mpaka Kalemie, meza ya ndoa bila chupa za divai siku hizi watu wanaiona kama haijatimia. Kasiksi bado iko, kreti za bia bado ziko, lakini kwenye orodha ya mahari familia nyingi zinaandika pia kartoni za "vin", na wengine wanaongeza pembeni: ya chupa, si ya boksi. Karibu yote inatoka nje. Iko ya Ufaransa, ya Uhispania, ya Ureno. Lakini ile tunayokutana nayo sana kwenye depo na alimantasio ni ya Afrika Kusini, nchi ambayo mashamba yake ya mizabibu yako mbali zaidi ya kilomita 3.000 na sisi, hata ukipima kwa mstari ulionyooka bila kona za barabara.

Shida ni hii. Mtu anayenunua mchele anaushika mkononi na kuutazama. Anayenunua makayabu anainusa. Kwa divai, anatoa feza ya kartoni tano ao sita kwa kitu kilichofungwa, chenye maandishi ya Kiingereza ao ya Kiafrikaans, na anakuja kujua amenunua nini siku ya sherehe, mbele ya bakwe. Saa hiyo hakuna tena kurudisha. Na mara mingi kelele zinazotokea pale ni kelele za bure: divai iko nzima, ila ni kavu, na watu wanasema imeharibika. Mara zingine imeharibika kweli, na watu wanaimeza wakisema "iko kali". Kutofautisha hayo mambo mawili si kazi ya wataalamu tu.

Inatoka wapi hasa

Afrika Kusini hailimi mizabibu nchi nzima. Karibu mashamba yote yako jimbo la Western Cape, kule chini kabisa, kuzunguka Cape Town. Kule kuna baridi ya kweli, na mvua inanyesha wakati wa hiyo baridi, kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 8. Kisha jua linakuja na ukavu wake. Mzabibu unapenda hivyo: unalala wakati wa baridi, unaamka karibu mwezi wa 9, na zabibu zinachumwa kuanzia mwezi wa 1 mpaka wa 4. Kwa hiyo chupa ya Afrika Kusini iliyoandikwa 2023, zabibu zake zilichumwa mwanzoni mwa 2023. Ya Ufaransa yenye mwaka uleule ni ndogo kwa miezi sita hivi, juu kule wanachuma karibu mwezi wa 9. Kwetu karibu na ikweta mzabibu haupati huo usingizi. Dodoma, nchini Tanzania, wanakolima zabibu za divai, wanachuma mara mbili kwa mwaka.

Historia yake inaanza na meli. Mholanzi Jan van Riebeeck alikuwa mkubwa wa kituo ambacho Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ilifungua pale Cape mwaka wa 1652, ili meli zinazokwenda Asia zipate maji na mboga. Tarehe 2 mwezi wa 2, 1659, aliandika kwenye kitabu chake cha kila siku kwamba divai ya kwanza ya Cape imekamuliwa. Hiyo tarehe utaiona kwenye vitabu vyote vya divai. Ile ambayo hawaiandiki sana ni ya mwaka uliotangulia: mwaka wa 1658 meli Amersfoort ilishusha palepale watumwa waliochukuliwa kwenye meli ya Wareno iliyokuwa imetoka Angola, wengi wao watoto. Angola, yaani hapa jirani. Mashamba ya zabibu ya Cape yalikua kwa mikono ya watumwa mpaka utumwa ulipofutwa kule, mwaka wa 1834.

Mwaka wa 1685 gavana Simon van der Stel alipewa shamba la Constantia. Divai tamu ya pale ilikuja kujulikana Ulaya yote, na Napoleon aliinywa wakati alipofungwa kwenye kisiwa cha Sainte-Hélène. Kuanzia mwaka wa 1688 walifika Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya dini kwao. Wengi walipewa mashamba kwenye bonde ambalo leo linaitwa Franschhoek, maana yake kona ya Wafaransa. Ndiyo maana ukiona jina la Kifaransa kwenye chupa usiseme haraka kwamba ni divai ya Ufaransa. Geuza chupa, tafuta nchi.

Wakati wa apartheid nchi nyingi zilikataa kununua bidhaa za kule. Nyuma ya uchaguzi wa 1994 milango ikafunguka, na leo Afrika Kusini iko kati ya nchi kumi zinazotoa divai nyingi zaidi duniani.

Mpaka ifike kwetu, inapita njia ndefu. Ya Lubumbashi inapanda mara mingi kwa lori: Zimbabwe, Zambia, Kasumbalesa. Ya Kivu inazunguka baharini, inashuka Dar es Salaam ao Mombasa, kisha inapanda tena lori kupitia nchi moja ao mbili mbele ya kugusa mpaka wetu. Nyingine inanunuliwa kidogokidogo kwa wafanyabiashara wa jumla wa Kampala, Kigali ao Bujumbura. Kila kituo kinaongeza kitu kwenye bei: usafiri, duane, accise, TVA ya 16%, ukaguzi wa OCC, na zile feza zingine ambazo kila mfanyabiashara anazijua na hazina risiti. Kwa hiyo bei kubwa hapa haituambii kwamba divai ni nzuri. Inatuambia tu kwamba imetembea.

Na imetembea ndani ya kontena la chuma, kwenye jua la bandari. Hiyo tutaizungumza tena.

Maneno ya kwenye etiketi

Tuanze na jambo ambalo Afrika Kusini imelipanga vizuri. Tangu mwaka wa 1973 kuna sheria ya asili ya divai. Kwenye chupa utaona "Wine of Origin", ao kwa kifupi "W.O.", ao kwa Kiafrikaans "Wyn van Oorsprong", na nyuma yake jina la mahali. Likiwa "Western Cape", ni eneo kubwa sana, zabibu zinaweza kuwa zimetoka kona nyingi za jimbo. Likiwa Stellenbosch, Paarl, Robertson, Swartland ao Constantia, eneo linakuwa dogo zaidi. Sheria inasema zabibu zote, mia kwa mia, ziwe zimetoka pale palipoandikwa. Mahali padogo mara mingi panaongeza bei, lakini si lazima paongeze utamu kinywani mwako.

Kisha jina la zabibu. Kwa divai nyeupe, ile inayolimwa zaidi kule ni Chenin Blanc, ambayo wenyewe waliiita Steen kwa miaka mingi. Kwa nyekundu utakutana na Cabernet Sauvignon, Shiraz, Merlot na Pinotage. Jina moja likiandikwa peke yake, sheria inaomba angalau 85% ya divai iwe ya zabibu hiyo. Kwa mwaka pia ni vile: angalau 85% ya mwaka huo.

Pinotage ni mtoto wa Afrika Kusini kabisa. Mwaka wa 1925, profesa Abraham Perold wa Stellenbosch aliunganisha maua ya zabibu mbili za Ulaya, Pinot noir na Cinsaut. Hiyo Cinsaut kule waliiita Hermitage, na majina hayo mawili ndiyo yalizaa Pinotage. Alipanda mbegu nne tu kwenye bustani ya nyumba yake, kisha akahama kazi na kuziacha pale. Mwalimu kijana aliyepita ndiye aliyeokoa ile miche wakati bustani iliposafishwa. Chupa za kwanza zenye jina la Pinotage ziliuzwa mwaka wa 1961.

Kitu cha tatu ni sili. Ni karatasi ndogo, mara mingi imebandikwa kwenye shingo ya chupa, yenye namba. Mtengenezaji akitaka kuandika mahali, zabibu ao mwaka, lazima divai yake ipelekwe kwa mamlaka inayoipima laboratwari na kuionja. Ikipita, inapewa sili. Ile namba unaweza kuiingiza kwenye intaneti, kwenye ukurasa wa mamlaka hiyo, na kuona ni divai gani. Mwenye simu yenye megabaiti anaweza kufanya hivyo palepale dukani. Chupa inayojisifu "Stellenbosch, Cabernet Sauvignon, 2020" na haina sili yoyote, uliza mbele ya kulipa.

Lakini tusidanganyane: chupa isiyokuwa na mwaka, zabibu wala sili si lazima iwe ya uwongo. Divai nyekundu tamu nyingi, zile zinazopendwa sana hapa, na pia maboksi ya lita 3 na 5, haziandiki mwaka wala aina. Sheria inaruhusu. Ni divai ya kawaida, imechanganywa kutoka mashamba mengi, na hakuna aliyeibiwa, ila tu isiuzwe kwa bei ya chupa yenye sili.

Sasa neno linaloleta ugomvi: utamu. "Dry" kwa Kiingereza, "droog" kwa Kiafrikaans, "sec" kwa Kifaransa, yote ni kusema kavu, yaani sukari yote ya zabibu imegeuka pombe, imebaki chini sana. Kwa sheria ya Afrika Kusini kavu ya kawaida haipite gramu 5 za sukari kwa lita. "Semi-sweet" ao "demi-sec" iko katikati. "Natural sweet" inapita gramu 20. Mtu aliyezoea ile tamu ukimpa kavu anakunja uso. Haijaharibika. Ni kama mtu aliyezoea chai ya vijiko vitatu kupewa chai bila sukari. Kama orodha ya bakwe inasema tu "vin rouge", muulize shangazi mmoja wa upande wao: tamu ao kavu? Swali moja la simu linaokoa kartoni nzima.

Tazama pia asilimia ya pombe. Divai kavu inazunguka kati ya 12 na 14,5. Ile tamu nyepesi inaweza kushuka karibu na 8, na bado ni divai. Kinachotakiwa kukuamsha ni maneno: "aromatisé", "boisson à base de vin", "cocktail", "beverage". Hapo si divai tupu, ni kinywaji kilichotengenezwa kwa divai kidogo, ao kwa pombe, maji, sukari na rangi. Hakuna ubaya kukinywa. Ubaya ni kukilipia kama divai. Vilevile iko "vin" ya nanasi, ya ndizi, ya maracuja, mingine inatengenezwa hapahapa Kivu na ni mizuri. Ila neno divai peke yake, kwa wataalamu na kwa Kanisa, ni zabibu. Sheria ya Kanisa Katolika inaomba divai ya misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Kwa hiyo padri hawezi kubadilisha na ya nanasi hata kama barabara imekatika.

"Contains sulphites" inaogopesha wengine. Ni salfa kidogo inayowekwa ili divai isigeuke siki, na karibu divai zote duniani zinayo. Mwenye pumu aangalie mwili wake, wengine inawasumbua.

Dukani

Mazungumzo ya kawaida yanakwenda hivi:

— Mama, hii vin iko muzuri?

— Papa, hii njo banachukuaka sana.

Na kartoni inatoka. Lakini ile jibu haijasema kitu juu ya divai. Maswali yenye faida ni mengine: "Mama, hii kartoni ilifika lini? Ilikuwa inakaa wapi?" Mama mwenye depo anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika, na atakuonyesha.

Adui mkubwa wa divai huku kwetu ni joto, kupita hata wezi. Divai inapenda kukaa kati ya nyuzi 12 na 18, gizani, bila kutikiswa. Ikipita 30 siku nyingi inapikika: harufu ya tunda inakufa, inabaki kitu kama jamu iliyoungua. Bukavu na Goma tuko karibu mita 1.500 juu ya bahari, nyumba ya matofali yenye chumba cha ndani inalinda divai vizuri hata bila firigo. Uvira na Kalemie, kando ya Tanganyika, ni mita 800 hivi, na depo ya mabati saa saba ya mchana ni jiko. Chupa ileile, bei ileile, inaweza kuwa nzuri Bukavu na kuwa imekufa Uvira. Hiyo si kosa la aliyeitengeneza.

Kwa hiyo usichukue kamwe chupa iliyopangwa kwenye dirisha inapopigwa na jua, hata kama ndiyo inayong'aa kuliko zingine. Omba ya ndani. Shika chupa, isimamishe, tazama divai imefika wapi shingoni. Ikiwa imeshuka chini ya shingo, hewa imeingia ao divai imetoka. Pitisha kidole juu ya kifuniko: kizibo kilichosukumwa juu, ao alama ya kunata iliyotiririka chini ya kapsuli, inasema chupa ilipata joto kali. Nyeupe itazame kwenye mwanga: iwe kama maji yenye rangi ya majani makavu ao dhahabu nyepesi. Ikiwa kahawia kama chai, iache.

Kifuniko cha kuzungusha kisikudanganye. Watu wengi wanafikiri ni alama ya divai ya bei ya chini. Watengenezaji wazuri wa Afrika Kusini wanakitumia sana, juu hakiozi, hakivuji, na hakihitaji tirbuchoni ambayo siku ya sherehe haipatikanaka.

Juu ya chupa zilizojazwa upya: chupa tupu zinauzwa katika miji yetu, kila mtu anajua, na si zote zinarudia kuwekwa mafuta ya mawese. Tazama kapsuli kama imekunjwa mara ya pili, etiketi kama imebandikwa kombo, na namba ya fungu, ile inayoanza na L, iliyochapwa kwenye kioo ao kwenye etiketi. Chupa sita za kartoni moja kwa kawaida zina namba moja. Zikiwa na namba tano tofauti, ile kartoni imepangwa na mtu mwingine, si kiwanda.

Na sasa ile njia ambayo kwa maoni yangu inapita zote: usinunue kartoni kumi siku moja. Nunua chupa moja wiki mbili mbele, ifungue nyumbani na watu wawili watatu, muionje. Ikiwapendeza, rudi uchukue zilizobaki za namba ileile ya fungu. Unapoteza bei ya chupa moja, na kweli hata hiyo hujaipoteza.

Kuonja

Hakuna lugha ya siri. Weka divai robo ya glasi, si zaidi, ili ipate nafasi ya kuzunguka. Tazama kwanza juu ya karatasi nyeupe: nyekundu changa iko na rangi ya zambarau ao ya damu, nyekundu ya miaka mingi inaelekea rangi ya tofali. Kisha zungusha glasi polepole na uingize pua.

Pua ndiyo inayofanya kazi kubwa. Harufu ya karatasi ya kartoni iliyolowa maji, ao ya nguo iliyokaa kwenye unyevu, inatoka kwenye kizibo kilichoambukizwa. Hiyo inatokea hata kwa chupa ya bei kali, na haiwezi kutengenezeka. Haitaua mtu, lakini divai haina tena utamu wake. Harufu ya siki, ile ya pilipili ya chupa, ni divai iliyogeuka. Harufu ya kiberiti kilichowashwa mara mingi inaondoka yenyewe, acha glasi dakika kumi. Na Pinotage changa inaweza kunuka ndizi mbivu. Hapo watu wa Kivu tuko nyumbani: ni kemikali ileile inayotoa harufu kwenye ndizi iliyoiva, na mwenye pua iliyozoea kasiksi anaitambua mbele ya Mfaransa.

Kisha onja, weka mdomoni kama mara mbili ya kijiko, zungusha, meza ao tema. Mambo matatu: sukari unaisikia kwenye ulimi, uchachu unakufanya mate yajae, kama limau, na kwa nyekundu kuna ukakasi, ule unaokausha fizi kama umeuma ndizi mbichi ao kunywa chai nzito iliyokaa kwenye birika. Ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Si ugonjwa wa divai. Nyama unapoitafuna pamoja nayo, ukakasi unapungua. Ndiyo maana nyekundu kavu inakwenda vizuri na mbuzi wa kuchoma, na inapigana na samaki. Sambaza za kukaanga zinaomba Chenin Blanc ya baridi, ao kwa wengine Primus tu, na sitawabishia.

Nyekundu kavu usiinywe moto. Wale wanaosema "nyekundu haiingii firigo" wanazungumzia nyumba za Ulaya zenye nyuzi 17. Uvira iingize nusu saa. Umeme wa SNEL ukikatika, ndoo ya maji ya baridi inafanya kazi vizuri, na kitambaa kilicholowa kuzunguka chupa penye upepo kinasaidia pia.

Hesabu ya meza, na ya mwili

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi sita za mililita 125. Wageni 120, glasi moja ya kupongeza kwa kila mmoja, ni chupa 20. Ongeza nne za tahadhari, unapata 24, yaani kartoni nne za chupa sita. Komite nyingi za ndoa zinanunua mara mbili ya hiyo juu ya kuogopa aibu, wakati nusu ya ukumbi itakunywa bia na sukari.

Upande wa pombe, watu wanajidanganya na ukubwa wa glasi. Chupa moja ya divai ya 13% iko na mililita karibu 97 za pombe safi. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye 5%, iko na 36. Chupa moja ya divai basi ni karibu bia tatu kubwa. Ile tamu ndiyo inadanganya zaidi, juu sukari inaficha pombe, na vijana wanaikunywa kama juisi.

Kule inakotoka wanalijua hilo kwa uchungu. Kwa vizazi vingi wenye mashamba walilipa wafanyakazi sehemu ya mshahara kwa divai, mara kadhaa kwa siku, tangu asubuhi. Waliuita mfumo wa "dop". Sheria ilikuja kuukataza, lakini uliendelea kichinichini miaka mingi. Alama yake haijatoka: maeneo ya Western Cape yako kati ya yale ambako watafiti wamekuta watoto wengi zaidi duniani walioathirika na pombe ambayo mama alikunywa akiwa na mimba. Watoto hao wanazaliwa na uzito mdogo, na akili yao inachelewa. Kwa hiyo ile desturi ya kumpa mama mjamzito glasi moja ya divai nyekundu "ili iongeze damu" iachwe. Divai haiongezi damu. Rangi ni ya ganda la zabibu.

Divai iliyobaki nyuma ya sherehe, ifunge palepale, iweke mahali pa baridi, imesimama. Nyekundu inakaa siku tatu mpaka tano, nyeupe kwenye firigo karibu vilevile. Ya boksi ni tofauti: mfuko wa ndani unajikunja bila kuingiza hewa, kwa hiyo inaweza kukaa wiki nne nyuma ya kufunguliwa. Kwa nyumba inayokunywa glasi moja siku ya Mungu, boksi linalodharauliwa kwenye orodha ya mahari ndilo lenye faida zaidi. Chupa tupu, kwaruza etiketi yake mbele ya kuitoa nje.